Hakuna Anayelala na Mpira wa Neti

Watu wengi wamesema uongo juu yangu. Aliyesema uongo kwa ajili yangu ni mmoja tu, na huyo ndiye niliyemkasirikia miaka mitano mizima. Tulimwita Seta. Jina lake la kweli lilikaa kwenye kitambulisho na sidhani liliwahi kutoka huko.

Kama hujui voliboli, nikueleze upesi. Timu inaruhusiwa kugusa mpira mara tatu. Wa kwanza anaupokea, na mara nyingi anaupokea vibaya. Wa tatu anaruka, anaupiga chini upande wa wapinzani, na ndiye anayepigiwa makofi. Katikati yao yuko seta. Kazi yake ni kukimbilia ule uchafu wa mpira aliotupiwa na kuupandisha karibu na neti, laini, mahali ambapo mwenzake anaweza kuruka akaupata. Hakuna anayemtazama. Wetu alifanya kazi hiyo miaka mingi kwenye uwanja wa vumbi nyekundu nyuma ya kanisa letu, si mbali na Dagoretti Corner. Alikuwa mkubwa kuliko sisi wote, goti la kushoto limefungwa kitambaa, nywele fupi kama za msichana wa bweni.

Timu yenyewe ilikuwa wanawake waliopatikana. Kulikuwa na Msusi, aliyekuwa na kibanda chake pale Corner. Kulikuwa na wasichana wa kazi za nyumba kutoka Loresho, walioachiliwa Jumamosi alasiri na kuja mbio wakinuka sabuni ya vyombo. Na kulikuwa na mimi, kidato cha tatu, mrefu, mwenye hasira. Watu husema nina hasira tangu nizae. Si kweli. Nilizaliwa nazo. Jina langu ni Wambui, lakini kwa kuwa nilikuwa mdogo wao, Seta aliniita Kadogo, na mpaka leo nikisikia mtu akiita hivyo barabarani nageuka.

Alikuwa na neno moja. Ukipiga mpira ukaingia kwenye neti, kabla hujapata nafasi ya kujitukana, lilikuwa limeshatoka mdomoni mwake: "Nilikupa chini."

Maana yake, kosa si lako, mpira niliokupandishia ulikuwa chini mno. Alilisema hata mpira ukiwa juu. Hata ukiwa mzuri kama yai kwenye kiganja, na uwanja mzima umeona ni wewe uliyeruka kama gunia. Mwanzoni nilidhani ni adabu. Baadaye nikadhani ni kiburi. Msusi ndiye aliyenieleza siku moja akinisuka: "Anakutolea mzigo ndio uruke tena. Mtu akibeba makosa haruki, Kadogo. Uliona wapi?"

Lakini neno hilo halikuja peke yake. Lilikuwa na mwenzake, na mwenzake alikuwa mkali. Hakuna anayelala na mpira wa neti. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Kama mpira wako wa mwisho siku hiyo uliingia kwenye neti, huondoki. Mechi imeisha, mmefungwa, mvua inakuja, si neno. Seta anakupandishia mwingine, na mwingine, mpaka uvuke. Ukishavuka hata mara moja, enda nyumbani.

Nilidhani ni mambo ya mazoezi tu mpaka tulipoenda kucheza Kitisuru. Tulikuwa tumefika seti ya mwisho, pointi ya mwisho. Mpira ukaja kwangu, na nikautandika kwenye neti kama mtu anayeua panya. Wenzetu wa Kitisuru wakakumbatiana. Mimi nikakaa chini pale pale nikaanza kulia.

"Nilikupa chini," Seta akasema. "Simama."

"Niache."

"Lia, lakini ukisimama. Leteni mpira."

Pikapu iliyotuleta ilikuwa imeshawashwa, wenzangu wamepanda nyuma, dereva anapiga honi. Seta hakugeuka. Akanipandishia. Neti. Akanipandishia. Neti. Dereva akashuka akaja mpaka kwenye mstari.

"Madam, kwani mlikuja kufungwa ama kulala hapa?"

"Wewe pia ulizima gari mara tatu pale mlimani," Seta akamwambia. "Tulikushusha?"

Timu ya Kitisuru ilikuwa imekaa kwenye nyasi ikila ndizi, ikitutazama kama sinema. Baada ya mpira wangu wa tano wa neti, nahodha wao akaweka ndizi chini, akaingia uwanjani na kuanza kutuokotea mipira. Kisha wa pili. Kisha wote wakawa wamesimama ule upande mwingine, wale wale walionifunga, wakisema, "Ruka mapema, dada. Unachelewa." Wa saba ukavuka. Walishangilia wao kuliko sisi. Nilirudi Dagoretti nyuma ya ile pikapu nikiimba, na tulikuwa tumefungwa.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Hilo nataka lieleweke, maana watu wakipendwa huanza kupakwa rangi. Alikuwa mchoyo wa zile nepi zake za magoti, vile vitambaa alivyovishona mwenyewe kwa sponji ya kiti. Hata ukitoka damu hakupi. Alicheza drafti ya vifuniko vya soda na soja aliyelinda kanisa, na akiona anashindwa, mkono wake ulipita juu ya ubao "kwa bahati mbaya." Na kwa refa alikuwa mwongo kama sisi wote. Mpira umemgusa kidole mpaka kidole kimepinda, refa anamuuliza, "Umegusa?" Naye anaangalia mbinguni: "Mimi? Na nini?" Makosa yetu aliyachukua yote, yake mwenyewe hakuyakubali hata moja.

Na neno pole hakulipenda. "Pole haiinui mpira," alisema. Wakati vibanda vya Corner vilipobomolewa ili barabara ipanuliwe, Msusi alipoteza kila kitu isipokuwa kichana kilichokuwa mfukoni. Tulienda kwake wote na sura za matanga. Seta hakuja. Tukamsengenya. Kesho yake asubuhi tukamkuta pale pale kibanda kilipokuwa, juu ya mabati yaliyokunjamana, amekaa kwenye kigoda alichobeba kutoka nyumbani, kioo cha kuning'iniza kikiwa mapajani.

"Nisuke," akamwambia Msusi.

"Nisuke nini? Hiyo ni nywele ama kivuli?"

"Nisuke hiyo iko."

Seta alichukia kuguswa kichwa. Alikaa pale saa tatu nzima, uso umekunjamana kama mtu anayeng'olewa jino, Msusi akivutana na nywele za urefu wa kucha, na wafanyakazi wote waliokuwa wanaenda mjini wakipita. Kufika saa sita kulikuwa na wateja wawili kwenye foleni, wamesimama juani. Kigoda kilibaki pale pale, na Msusi hakuwahi tena kukosa mtu wa kukikalia. Seta alizifumua zile nywele jioni hiyo hiyo akilalamika kwamba amesukwa vibaya.

Kitu ambacho hatukukiweza ni kumsaidia yeye. Aliposhindwa yeye, alijifunga kama duka. Ndugu yake alifariki huko kwao magharibi, akasafiri, akazika, akarudi, akacheza mechi mbili, ndipo tukajua. Msusi alilia kwa hasira. "Umetunyima nafasi," akamwambia. "Sisi ni nani kwako, Seta?"

Akafikiri, kisha akasema, "Mimi ndiye seta." Kama kwamba hilo ni jibu.

Sasa nifike pale ambapo ninaumia.

Seta alikuwa mpangaji wetu. Mama yangu ana ploti ya vyumba kumi, ile iliyoachwa na babu, na Seta alikaa namba sita, karibu na mfereji wa maji. Mama alimheshimu. Alikuwa mpangaji wa pekee aliyefagia hata mbele ya mlango wa jirani. Kwa hiyo nilipomaliza kidato cha nne na kubaki nyumbani, Mama hakuwa na shida nikisema naenda mazoezini. Jumamosi, saa nane mpaka saa moja ya jioni.

Mazoezi yaliisha saa kumi.

Hizo saa tatu zilikuwa za kijana mmoja aliyekuwa na mdomo mtamu na laini mbili za simu. Sina zaidi la kusema kumhusu. Tumbo lilipoonekana, laini zote mbili zilizimwa.

Mama hakunipiga. Aliketi jikoni akahesabu miezi kwa vidole, akafika kwenye Jumamosi. Kisha akatoka uani, akasimama karibu na mfereji, wapangaji wote wakiwa wanafua, akamwita Seta.

"Huyu anasema kila Jumamosi alikuwa na wewe mpaka saa moja. Alikuwa?"

Seta akanitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikusema kitu, lakini uso wangu ulisema, na yeye alizoea kusoma uso wa mtu anayetaka mpira.

"Alikuwa na mimi, Mama Wambui."

"Mpaka saa moja?"

"Mpaka saa moja. Mimi ndiye nilikuwa mkubwa wake. Kama kuna kitu kilimpata, kosa ni langu."

Mabeseni yote yalinyamaza. Nilimwona Mama akilichukua lile jibu na kuligeuzageuza, na nikaona alikoenda nalo kabla hajafungua mdomo.

"Kwa hivyo ni wewe ulimpeleka. Ulikuwa unamlinda ama ulikuwa unamuuza?"

Hilo Seta hakulitarajia. Alifikiri anabeba kosa la uzembe, na sasa ameshikishwa lingine. Angeweza kulitupa chini. Ningeweza kulitupa mimi, kwa maneno matatu tu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa naona kwamba hasira ya Mama imenipita kama gari na kumgonga mtu mwingine, na Mungu anisamehe, nilishukuru.

Aliambiwa atoke siku hiyo hiyo. Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imefika kanisani, na wazee wakateremsha neti. Siku ile ya kufukuzwa Seta alipakia godoro na jiko kwenye mkokoteni, na alipofika getini nilipokuwa nimejibanza akasimama.

"Nilikupa chini, Kadogo," akasema.

Kisha akangoja. Hiyo ndiyo sehemu ninayoirudia. Aliacha mikono ikining'inia na akangoja, vile alivyongoja Kitisuru, bila haraka, mwenye mkokoteni akipiga mluzi. Mama alikuwa hatua kumi tu nyuma yangu. Sikuruka. Akanitazama kidogo tena, akashika upande wa godoro, wakaenda.

Nikamzaa Nyokabi, nikampa jina la Mama, na Mama akamsamehe mjukuu na kupitia kwake akanisamehe mimi. Seta hakusamehewa. Miaka mitano, kila kikao cha akina mama kilipogusa wasichana, Mama alisimama na kusimulia habari za "yule mwanamke wa namba sita," akina mama wakitikisa vichwa. Wengine hawakuwahi hata kumwona. Nami nilikuwa hapo nyuma nikipanga vikombe vya chai. Nilimkasirikia Seta. Nani alikutuma? Nani alikuambia ubebe? Nilimkasirikia mpaka meno yakaniuma, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko ile kazi nyingine, ya kusema ukweli.

Mwaka huu, baada ya mvua ndefu, Mama alinituma mjini. Sare yake ya chama cha kanisa hufuliwa kwa dobi mmoja katikati ya mji, chini ya ngazi, kwa sababu hamwamini dobi wa huku na ile kola nyeupe. Kwa kawaida huchukuliwa na mama mmoja wa kanisa anayefanya kazi karibu na pale. Wiki hiyo alikuwa mgonjwa. Nikamwacha Nyokabi na nyanya yake, nikaenda.

Kule chini kulikuwa na mvuke na redio. Nikatoa risiti. Kijana wa kaunta akapaza sauti nyuma yake: "Ile sare ya kanisa ya Dagoretti!"

"Dakika mbili. Bado mkono mmoja," sauti ikajibu.

Sauti ile niliijua. Niliinua ule ubao wa kaunta nikapita. Kijana alisema kitu, sikumsikia.

Alikuwa amesimama mbele ya meza ya pasi, uzito wote kwenye mguu wa kulia. Nywele zilikuwa zimeanza mvi na bado zilikuwa fupi. Mbele yake ilikuwa sare ya Mama. Kwenye kola kilikuwa kimebanwa kile kikaratasi chenye jina la Mama, kwa herufi kubwa.

"Kadogo," akasema. "Umenenepa. Vizuri."

"Unajua hiyo ni nguo ya nani?"

"Nasoma. Hii ni mara ya nne." Akalainisha kola kwa kiganja. "Mama yako anatoka jasho sana hapa shingoni. Mwambie apime presha."

Nilikuwa nimejiandalia maneno miaka mitano. Yote yalikuwa ya kugomba. Yaliyotoka ni haya: "Kosa lilikuwa langu. Si lako. Nilikuacha ukafukuzwa."

"Hapana, mimi nilikupa..."

"Wewe! Usinichukulie hii!" Nilipiga kelele mpaka mtu akapunguza redio. "Usinichukulie! Ulinipa mpira mzuri. Hata pale getini ulinipa mpira mzuri. Ni mimi sikuruka."

Akaweka pasi kwenye kile chuma chake. Akanitazama kwa muda, kichwa kimeinama upande, kama zamani alivyopima ni nani yuko tayari.

"Haya," akasema. "Una simu?"

Nilikuwa nayo, mulika mwizi, ile ndogo ya tochi, yenye ufa katikati. Nikapiga. Mama akashika.

"Mama..."

"Eeh? Umepata nguo?"

"Nimepata. Mama, ni... Nyokabi amekula?"

"Amekula. Kwani?"

"Hakuna." Nikakata.

Seta alikuwa amekunja mikono. "Neti," akasema.

"Siwezi."

"Sijakuuliza kama unaweza. Tena."

Nilipiga tena. Nilisimama wima, kwa sababu nilijua ataniambia. Nikamwambia Mama kwamba mazoezi yaliisha saa kumi. Jumamosi zote. Kwamba Seta hakujua niko wapi, hakumjua yule kijana, hakunipeleka popote. Kwamba alidanganya kwa sababu nilimwomba kwa macho. Kwamba nilisimama mlangoni nikanyamaza, na nimenyamaza kila kikao tangu siku hiyo, nikiwapa watu chai. Sikulia. Maneno yalitoka mabaya na bila mpangilio, lakini yalitoka na kuvuka.

Upande ule nilimsikia Nyokabi akiimba mbali, na mfereji wetu ukimwagika.

"Uko wapi?" Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa chini.

"Kwa dobi."

"Huyo mwanamke yuko wapi siku hizi? Unajua?"

"Yuko hapa mbele yangu. Ndiye anakupigia pasi."

"Mpe simu," Mama akasema.

Seta, aliyemjibu dereva, aliyemdanganya refa bila haya, alirudi nyuma nusu hatua. "Mwambie nina kazi," akanong'ona. Akachukua ile pasi kuonyesha kwamba ana kazi kweli.

"Shika," nikasema. "Unaogopa nini? Shika."

Akashika. Akaiweka pasi juu ya meza bila kuangalia, akapangusa mkono kwenye aproni, akashika simu kwa mikono miwili kama kikombe cha uji wa moto. "Ni mimi, Mama Wambui." Akasikiliza. Uso wake sikuwahi kuuona hivyo. "Hapana, mama, usiseme hivyo. Hata mimi nilikosea, ningekwambia..."

Nikainua kidole. Akaniona. Akanyamaza katikati ya neno.

Hapo ndipo harufu ilipotufikia. Pasi ilikuwa imelala juu ya mkono wa sare ya Mama, na moshi mwembamba ulikuwa unapanda. Niliinyakua, nimechelewa. Alama ilikuwa pale, ya kahawia, yenye ncha, karibu na kiwiko. Msimamizi akatokea kwenye mvuke, kalamu sikioni.

"Nani amechoma nguo ya mteja?"

Seta akafungua mdomo. Alikuwa na simu sikioni, na sauti ya Mama ilikuwa inaendelea mle ndani, ndogo, bila kupumua. Nikawahi.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimpa simu akiwa na pasi mkononi. Na nguo ni ya mama yangu, nitampelekea hivyo hivyo."

Msimamizi akanitazama, akamtazama Seta. Seta akanitazama mimi. Niliona lile neno limemjaa mdomoni, la miaka yote, linamsukuma meno. Akalimeza.

"Ndiyo, Mama Wambui," akasema kwenye simu. "Bado niko. Nakusikia."